Chuo Husomwa kwa Miguu: Namna ya Kuitumia Mlimani Tangu Wiki ya Kwanza

Wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) humaliza muhula mzima katika sehemu tatu: ukumbi wa mihadhara, kafeteria na kitandani. Wanahudhuria, wanakula, wanalala, wanafanya mitihani. Siwalaumu, kwa sababu ratiba haitaji kitu kingine. Lakini ada wanayolipa, au mkopo watakaourejesha kwa miaka, unagharimia pia maktaba, karakana, maabara, hifadhi za nyaraka, jukwaa la maonesho, viwanja vya michezo, kituo cha afya na walimu ambao ofisi zao zina saa za kuonana na wanafunzi. Milango hiyo haimwiti mtu. Anayeipata mapema anatoka na elimu ambayo jirani yake wa darasa moja hakuipata, ingawa vyeti vyao vitafanana.

Nazungumzia Mlimani, yaani kampasi kuu ya chuo hiki, kwa kuwa ndiyo ninayoifahamu vizuri. Aliye Dodoma, Makerere au Nairobi atabadilisha majina ya majengo tu.

Kazi inaanza kabla hujaomba nafasi. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hutoa kitabu cha mwongozo kwa waombaji, na wengi hukisoma kwa jicho moja: wanatafuta sifa za kujiunga, wakiona alama zao zinatosha wanajaza. Ongeza maswali mawili. La kwanza, programu hii inafundishiwa wapi hasa? Si kila kinachobeba jina la UDSM kiko Mlimani. Ndaki ya TEHAMA iko Kijitonyama. Taasisi ya Sayansi za Bahari iko Buyu, Unguja. Vyuo vikuu vishiriki vya elimu ni viwili, DUCE kilichopo Chang'ombe na MUCE kilichopo Iringa. Mzazi anayelipia chumba Savei, jirani na Mlimani, miezi sita kwa mtoto atakayesoma Chang'ombe anamnunulia mtoto wake foleni ya asubuhi na jioni.

Swali la pili ndilo zito zaidi: programu hii ina zana gani nyuma yake? Uhandisi unahitaji karakana, kemia inahitaji maabara na vitendanishi, jiolojia inahitaji safari za kwenda kuona miamba, sanaa za maonesho zinahitaji jukwaa. Mtafute mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa programu hiyo hiyo, umuulize kwa lugha ya kawaida: mwaka jana mliingia maabara mara ngapi? Mashine mlishika wenyewe au mlimtazama mwalimu akishika? Fildi mlipelekwa wapi, na nani alitafuta nafasi, chuo au ninyi? Majibu ya maswali haya matatu yana thamani kuliko sifa zote zilizoandikwa kwenye kipeperushi. Muulize pia kuhusu kozi za hiari, maana hapo ndipo mtu wa uchumi anapoweza kuchukua kozi ya takwimu au ya lugha iliyoko ndaki nyingine, na nafasi hizo huenda kwa wanaojua mapema kwamba zipo.

Ukishapokelewa, fika siku chache kabla ya mihadhara kuanza, uvae viatu vya kutembelea. Chuo hiki kimepanda kilima, kipo kilometa 13 hivi magharibi ya katikati ya jiji, na kina miteremko ambayo ramani haioneshi. Chukua ratiba yako, anzia jengo la Utawala, na utembee kila hatua ambayo ratiba itakutaka uitembee, kwa mpangilio uleule. Kama Jumanne una kipindi Yombo kinachoisha saa nne kamili na kingine kinachoanza saa nne kamili kwenye jengo la ndaki yako, pima dakika zinazopita kati ya mlango na mlango. Wanaochelewa kila wiki ni wale ambao hawakupima, na wanaochelewa hukaa nyuma kabisa, ambako sauti ya mwalimu haifiki kukiwa na watu mia kadhaa.

Wakati unatembea, tafuta majibu ya mambo madogo. Maji ya kunywa yanapatikana wapi? Soketi zinazofanya kazi ziko ukuta gani? Msikiti na kanisa viko upande gani, na kutoka darasani ni mwendo wa dakika ngapi? Mvua ikinyesha ghafla utajificha wapi bila kulowesha daftari? Vyoo vipi hufunguliwa jioni? Pale kwenye majengo ya miaka ya 1960, yenye veranda ndefu na kuta za matundu yanayopitisha upepo, kaa kidogo saa saba mchana. Yalijengwa kwa ajili ya joto la pwani, na utagundua kwamba baadhi ya sehemu bora za kusomea chuoni hazina kiyoyozi.

Fika pia Ukumbi wa Nkrumah, wenye paa lile lililokunjwa na kunyanyuka pembeni. Waliotumia noti ya shilingi 500 wanalijua kutoka nyuma ya noti hiyo. Usiutazame ukumbi kama picha. Sogea kwenye ubao wa matangazo, angalia kuna tangazo gani. Nitaurudia ukumbi huu.

Sasa maktaba, ambayo nitakaa nayo muda mrefu kwa sababu ndipo hasara kubwa inapotokea. Maktaba mpya, iliyojengwa kwa msaada wa China na kuzinduliwa Novemba 2018, ina nafasi ya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja na uwezo wa kutunza vitabu 800,000. Wengi huitumia kama chumba cha kukalia: wanaingia na kompyuta, wanasoma slaidi za mwalimu, wanatoka. Slaidi ungeweza kuzisoma bwenini. Kilichomo maktabani ambacho hukipati bwenini ni vitu vitatu: vitabu, majarida ya kulipia na watu wanaojua kutafuta.

Anza na watu. Wiki za kwanza wakutubi huendesha mafunzo kwa wageni, na wanafunzi huyakwepa wakidhani ni maelezo ya namna ya kukaa kimya. Nenda. Utaoneshwa jinsi ya kutafuta kitabu kwenye katalogi ya kompyuta, jinsi ya kusoma namba iliyo mgongoni mwa kitabu hadi ufike kwenye rafu yenyewe, na jinsi ya kuingia kwenye majarida ya kitaaluma ambayo chuo kimeyalipia. Hili la mwisho ndilo linalotenganisha insha ya alama za juu na insha ya kawaida. Makala ambayo mtandaoni unadaiwa dola 30 na zaidi kuisoma, mara nyingi utaipata bure ukipitia maktaba. Wengi hulijua hili mwaka wa tatu, wakati wa kuandika tasnifu, na wanasikitika.

Uliza pia kuhusu vitabu vya kuazima kwa saa chache. Kozi yenye wanafunzi wengi na nakala chache za kitabu kikuu huwekewa utaratibu huo, kitabu hakitoki nje ya jengo. Ukienda siku tatu kabla ya jaribio utakuta foleni. Nenda wiki ya pili ya muhula, soma sura mbili, andika muhtasari wako kwa mkono, umalizane nacho.

Kisha ifike sehemu inayoitwa East Africana. Hapo ndipo hazina ya chuo iliko: ripoti za serikali tangu enzi ya ukoloni, magazeti ya zamani, tasnifu, na karatasi za watafiti kama Hans Cory, aliyefanya kazi Tanganyika wakati wa Waingereza na kuacha maandishi mengi juu ya mila na sheria za kimila za makabila ya nchi hii. Chuo pia kimetunza miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, tenzi na barua zilizokusanywa kutoka pwani. Huko huchukui kitu rafuni mwenyewe. Unaandika unachotaka, mtumishi anakuletea mezani, unasoma palepale, unarudisha. Kwa hiyo ukienda na swali pana, kama "nataka kitu kuhusu historia", utampa kazi isiyowezekana na utaondoka mikono mitupu. Nenda na jina la mahali, jina la jambo na miaka.

Nina zoezi moja ninalompa kila anayeniuliza. Tafuta wilaya uliyotoka. Omba chochote kilichoandikwa juu yake kabla ya 1961: ripoti ya mwaka, maelezo ya soko, kesi ya ardhi, orodha ya shule. Soma saa mbili. Hutahitaji kuhubiriwa tena umuhimu wa nyaraka, maana utakuta majina ya vijiji unavyovijua na pengine ya koo unazozijua, yameandikwa na mtu aliyeyasikia vibaya. Na utakuwa umejifunza, kwa jambo linalokugusa, utaratibu mzima ambao mwaka wa tatu wenzako watahangaika nao kwa haraka.

Kwa wanaosoma Kiswahili, au wanaokiandika tu kwa kukipenda, mlango wa jirani ni TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Taasisi hii iliundwa 2009 kwa kuunganisha Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) na Idara ya Kiswahili, na mizizi yake inafika kwenye kamati ya lugha iliyoundwa 1930. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 ilitoka kwao. Wana machapisho yanayouzwa palepale, na wana walimu ambao ukigonga mlango na swali lililoandaliwa watakupa muda wao.

Nje ya majengo kuna vimbweta, yale mabenchi na meza za zege chini ya miti, na ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya shahada za Mlimani hupatikana hapo. Kimbweta kinaweza kukusomesha na kinaweza kukula. Kinakula pale watu kumi wanapokaa bila kujua wanafanya nini, mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanaperuzi simu, saa tatu zinapita. Kundi lenu liwe la watu wanne au watano. Mkiachana mkubaliane mada ya kikao kijacho, na kila mtu apewe kipande cha kufundisha. Asiyekuja na kipande chake hasikilizi bure, anaulizwa maswali. Chukueni mitihani ya miaka iliyopita, mjibu kila mmoja peke yake kwa muda uleule wa mtihani, kisha mbadilishane karatasi na kusahihishana. Mtaona haraka nani anaelewa na nani anakariri. Changanyeni pia shule mlizotoka. Aliyesoma sekondari yenye maabara nzuri na aliyesoma kwa kujitegemea zaidi wana mbinu tofauti, na wote wawili watafaidika.

Kuhusu muda, ipo hesabu rahisi ambayo ni vizuri uifanye mwenyewe kwenye karatasi. Kwa mfumo wa TCU, krediti moja ni saa 10 za kujifunza. Kozi ya krediti 12 basi inakudai saa 120. Ukihudhuria mihadhara na semina saa tatu kwa wiki kwa wiki 15, umetimiza saa 45. Saa 75 zilizobaki, yaani tano kila wiki, ni zako: maktaba, maabara, kimbweta. Ukiwa na kozi tano za namna hiyo, ni saa 25 kwa wiki nje ya darasa. Sasa panga saa hizo kwa majengo, si kwa hamu. Jumatatu alasiri maktaba, Jumatano jioni kimbweta, Jumamosi asubuhi maabara kama inafunguliwa. Anayesema "nitasoma nikipata nafasi" ndiye utakayemkuta anapiga msuli usiku kucha wiki ya mitihani, akiwa na alama 40 za kazi za muhula ambazo tayari zimeshapita, akipigania 60 za mtihani wa mwisho ili asipate sapu, yaani mtihani wa marudio.

Makazi nitayapitia upesi. Omba chumba siku ile ile dirisha la maombi linapofunguliwa. Hosteli za Magufuli, zilizofunguliwa Aprili 2017, ni majengo 20 yenye nafasi 3,840, na ukijumlisha mabweni ya zamani na hosteli ya Mabibo bado hazitoshi wote. Ukikosa, usikimbilie chumba cha bei nafuu kuliko vyote. Changanyikeni, Makongo, Savei, Mwenge na Sinza kila moja ina bei yake na usumbufu wake. Kitu cha kupima ni njia utakayopita saa nne usiku ukitoka maktaba. Kama njia hiyo hutaipita kwa amani, utaacha kwenda maktaba, na hapo kodi nafuu itakuwa imekugharimu sana. Kwa waliopata chumba ndani ya chuo: funga dirisha unapotoka. Ngedere wa Mlimani wanajua mkate unavyonukia.

Chumba cha bwenini kinapendeza zaidi kikiwa cha kulalia tu. Soma kwingine.

Narudi kwenye kumbi kama Nkrumah, na kwa jumla kwenye mambo ambayo hayamo kwenye ratiba yoyote. Chuo hiki kilianza Oktoba 1961 kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London, na wanafunzi wachache wa sheria katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Kikahamia kilimani 1964, na kikawa chuo kikuu kamili Julai 1970. Katika miaka hiyo ya mwanzo wanafunzi wenyewe, bila kusubiri mtaala, walikuwa wakikutana Jumapili kusoma na kubishana juu ya siasa na uchumi wa Afrika. Yoweri Museveni alikuwa miongoni mwao. Walter Rodney alikuwa mwalimu wa historia hapo, na kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka 1972, kikichapishwa London na Dar es Salaam. Naeleza haya kwa sababu kikao cha namna hiyo hakihitaji zaidi ya darasa la kawaida lililo wazi siku ya mapumziko. Madarasa ya aina hiyo yapo hadi leo.

Kwa hiyo jifunze kuomba ukumbi. Utaratibu si mgumu: barua fupi kwa ofisi inayosimamia jengo, inayotaja shughuli, tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, idadi ya watu na jina la anayewajibika. Mwalimu mmoja akikubali kuwa mlezi wenu, mambo huenda upesi. Mrudishe viti mahali pake, mzime taa, na mara ya pili hamtaulizwa maswali mengi. Klabu nyingi za wanafunzi zimekufa kwa kukosa tabia hii ndogo tu.

Na uhudhurie vya wengine. Kigoda cha Taaluma cha Mwalimu Nyerere, kilichoanzishwa 2008 na Profesa Issa Shivji akiwa wa kwanza kukikalia, kimeleta wasomi wakubwa wa Afrika kuzungumza mbele ya yeyote aliyekuja. Idara ya sanaa huonesha michezo ya wanafunzi wake. Idara za sayansi huwa na semina za utafiti ambazo zimejaa viti vitupu. Mwanafunzi wa biashara anaweza kukaa nyuma kwenye semina ya mimea, na wanaohusika na mimea wana mkusanyiko wa sampuli zilizokaushwa na kuandikwa majina ambao mtu wa dawa za asili, kilimo au hata utalii angeufaidi sana. Omba ruhusa kwa adabu: "Shikamoo Profesa, mimi ni wa ndaki fulani, naomba kusikiliza." Sijaona mwalimu akimfukuza mtu wa namna hiyo.

Wenye programu za vitendo nawaomba jambo moja kwa msisitizo. Mfahamuni fundi sanifu wa maabara au karakana kwa jina, na mumsalimie kama mkubwa wenu kazini, kwa sababu ndivyo alivyo. Mwalimu anaijua nadharia ya mashine. Fundi anajua kwa nini mashine hii hasa hukataa asubuhi, ipi ina kipimo kinachodanganya, na siku gani karakana haina watu. Fika dakika kumi kabla ya kipindi cha vitendo, umsaidie kupanga vifaa. Baki baada ya kipindi, umsaidie kusafisha. Katika kozi yenye wanafunzi wengi na vifaa vichache, hapo ndipo utakapopata nafasi ya kushika kifaa kwa mikono yako badala ya kukitazama juu ya mabega ya wenzako. Na barua ya fildi ikifika wakati wa kuandikwa, ndiye atakayekuambia kampuni zipi huwapa wanafunzi kazi za kweli na zipi huwatuma chai.

Ofisi nazo ni sehemu ya majengo. Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, kituo cha afya, huduma za ushauri nasaha, dawati la jinsia na huduma kwa wanafunzi wenye ulemavu: zitafute zilipo ukiwa huna shida, kwa sababu siku ya shida hutakuwa na utulivu wa kuuliza njia. Kadi ya bima ishughulikie kabla hujaumwa. Unapopeleka barua popote, peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wenye tarehe, uihifadhi. Bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, likichelewa, alama ikikosekana kwenye mfumo, jina likiandikwa vibaya, anayesikilizwa kwanza ni mwenye karatasi. Kuhusu alama usisubiri: matokeo yakitoka, linganisha siku hiyo hiyo na kazi zako ulizorudishiwa, na kama kuna pengo nenda kwa mwalimu wa kozi kabla hujaenda kwa mtu mwingine yeyote.

Aliye mwaka wa mwisho ana mzunguko mmoja zaidi. Fomu ya kuthibitisha kwamba hudaiwi kitu hupita ofisi nyingi, kuanzia maktaba, bweni na idara hadi uhasibu, na cheti hakitoki bila sahihi hizo. Rudisha vitabu vyote wiki mbili kabla ya mtihani wa mwisho, dai risiti ya kila faini uliyolipa, na anza kuzunguka na fomu hiyo wakati wenzako bado wanafunga mabegi. Foleni ya maktaba huwa fupi asubuhi.